Fuvu Lisilosikia

Mambo yalianza Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Saa hiyo mama wa Sisimizi ana uhakika nayo, kwa sababu ndiyo aliyoiandika kwenye daftari la maabara kabla ya kuwasha keekee ya kutobolea mifupa. Na ndiyo saa ambayo mama yake, huko nyumbani, alimsikia Sisimizi, mjukuu wake wa miaka sita, akiitika, "Abee!" ilhali hakuna aliyemwita.

Kazini mama wa Sisimizi walimwita Hakikisha. Alikuwa mtu wa kurudi mlangoni mara tatu kuona kama kweli amefunga. Kazi yake ilikuwa kutoboa mifupa ya kale, kupata unga wake, na katika unga huo kutafuta vinasaba vya kuonyesha watu wa leo wametokana na akina nani. Unga mzuri kuliko wote hutoka kwenye mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani. Sheria ya maabara ilikuwa moja: unatoboa sikio moja, la pili unaliacha salama, kwa heshima ya maiti.

Fuvu la siku hiyo lilikuwa la mwanamke aliyezikwa miaka elfu tatu iliyopita. Alitoboa sikio la kulia vizuri kabisa. Kisha kichupa kikamponyoka, unga ukamwagika sakafuni. Yeye, ambaye hata chai hajawahi kuimwaga! Shahada yake nzima ilikuwa ndani ya unga ule. Akautazama mlango. Akaligeuza fuvu, akatoboa la kushoto. Kwenye daftari akaandika: sikio moja.

"Huyu mtoto wako anaitikia hewa," mama yake alimwambia jioni, akicheka. "Leo mara ya nne."

"Nani anakuita, Sisimizi?"

"Bibi."

"Bibi si huyu hapa?"

"Yule mwingine. Ananiita, naitika, halafu anaita tena."

Alimvuta mtoto kifuani ili wacheke wote, na pua yake ikagusa zile nywele. Zilinuka mfupa ulioungua, harufu ile ile ya keekee. Mtoto hajawahi kukanyaga maabara. Yeye mwenyewe alikuwa ameoga na kubadili nguo kazini, kama kila siku.

Ijumaa mtoto aliitikia akiwa mlangoni. Wiki iliyofuata, getini. Hospitali walimpima masikio na kusema hayana tatizo lolote. Kisha siku moja mchana mwenye duka alimrudisha akiwa amembeba, miguu mitupu, amemkuta katikati ya barabara kubwa, magari yakimpigia honi kulia na kushoto, naye akitembea polepole na mkono wake mmoja ameunyoosha mbele, kama mtoto anayetaka kushikwa.

Wiki ya tatu majibu ya fuvu yakatoka.

"Leo umetuangusha, Hakikisha," mkuu wa maabara alisema. Vinasaba vya wafanyakazi wote vilihifadhiwa, ili ijulikane nani kachafua sampuli. "Ukoo wa upande wa mama wa fuvu hili ni wako mtupu. Ulipiga chafya?"

Alikaa mbele ya kompyuta hadi macho yakamwasha. Vinasaba vya mtu aliye hai huwa vizima. Hivi vilikuwa vimelika kwenye ncha, kama kamba iliyozeeka. Havikutoka kwake; vilikuwa vya yule mwanamke mwenyewe. Kwa mara ya kwanza maishani aliomba awe amekosea, akarudia hesabu mara nne, na mara zote nne hakukosea.

Alhamisi, saa nane mchana, mama yake alimleta mganga, mama mnene mwenye miwani, asiyependa maneno mengi. Alimkalisha mtoto mkekani, akafukiza ubani, akaanza kuamuru. Aliamuru kwa upole, akaamuru kwa ukali, akataja majina hadi jasho likamtiririka shingoni, na muda wote huo mtoto alitazama nyuma ya bega lake, akitabasamu, huku ile harufu ya mfupa ikipanda na kuumeza ubani, ikijaa chumbani hadi watu wazima wote watatu wakawa wanapumua kwa midomo.

Mganga akavua miwani yake.

"Mama, majini nayajua," alisema kwa sauti ya chini. "Jini ukilisemesha litabisha, litakutukana, litaomba hiki na kile. Huyu ni kama nasema na ukuta. Anaita tu. Hasikii."

"Hasikii kivipi?" bibi wa mtoto alinong'ona.

"Hana masikio. Mmemfanya nini?"

Hakikisha akasema, karibu asisikike, "Nilimtoboa. Yote mawili."

"Wewe?" mama yake alisema. "Wewe wa kuhakikisha?"

"Basi ndiyo hivyo," mganga alisema. "Anamwita mtoto wa ukoo wake. Mtoto anaitika, yeye hasikii, anadhani mtoto yuko mbali. Atazidi kumvuta mpaka amguse."

"Mfukuze! Nakuomba, mama yangu, mfukuze!" Hakikisha alimsihi mganga.

"Kiziwi haambiwi kwa mdomo, huambiwa kwa kuguswa. Na siwezi kumgusa mimi. Si ndugu yangu."

Asubuhi ya Ijumaa Hakikisha alimwacha Sisimizi mapajani kwa bibi yake, mikono yote miwili imeshikwa, akaingia stoo ya mifupa saa moja kasoro, kabla mtu yeyote hajafika. Mle hakuna aliyeruhusiwa kuingia bila barakoa, vazi la kujifunika mwili mzima na glavu mbili mbili, kwa sababu pumzi moja tu ya mtu aliye hai inatosha kuufanya mfupa usiaminike tena. Alilijua hilo kuliko wote. Alijua pia ni karatasi zipi za utafiti zenye jina lake zingekwenda na maji. Alivua glavu za juu, akavua za ndani, akavua barakoa. Akalitoa fuvu kwenye sanduku lake, akalipakata, akabandika midomo yake mitupu kwenye paji la uso.

"Bibi," alisema ndani ya mfupa, taratibu, ili kila neno lipenye. "Mtoto alikusikia. Mimi ndiye niliyekuziba masikio. Bado mdogo, bibi, niachie. Niachie, nakuomba."

Alirudia hadi sauti ikakauka na paji la fuvu likalowa machozi. Kisha akageuza uso, akaweka sikio lake pale pale palipokuwa na midomo, akangoja jibu.