Taa ya Zizini

Walikutana Soko la Kilombero, kila mmoja ameng'ang'ania kiti kilekile cha kukunja, cha mwisho dukani.

"Dada, hiki changu."

"Changu. Nakilalia nje nikitazama vimondo."

Ndesanjo, kijana wa Kichaga muuza taa za sola, shati limenyooshwa likanyooka, alicheka mpaka akakiachia. "Chukua. Nipe namba tu."

Walipendana upesi. Nanyori alimweleza kwamba kila Oktoba, tangu akiwa sekondari, huhesabu vimondo nyumbani kwao Oldonyosambu. Ni vumbi lililoachwa na nyotamkia ya Halley, na hesabu za miaka mingi kutoka mahali pamoja ndizo huonyesha limetandaje. Mwaka ukirukwa, pengo halizibiki. Ndesanjo aliitikia "eheh", macho yakiwa kwenye midomo ya mrembo wake.

Kwa hiyo wezi walipoiba baadhi ya ng'ombe wa mama yake Nanyori, Ndesanjo alikwenda kimyakimya akasimika taa kubwa zizini, ikamulika ua mzima. Mama alilala fofofo kwa mara ya kwanza tangu wizi ule. Majirani wakaanza kumwita Ndesanjo mkwe.

Nanyori akabanwa kotekote. Oktoba ilikuwa mlangoni, na kwenye mwanga ule vimondo hafifu havionekani. Aombe izimwe, amnyime mama usingizi? Anyamaze, kazi yake ife? Akanuna. Simu za mchumba akaziacha ziite mpaka Oktoba ikaingia.

"Umenichoka?" Ndesanjo aliuliza simu yake ilipopokelewa hatimaye.

"Taa yako inaniziba pumzi!"

"Mpenzi, kosa langu ni kuwalinda?"

Nanyori alilia, akamwaga yote. Simu ikakatika. Alijua ameachwa.

Jioni ile Ndesanjo akaingia uani, koti zito mwilini, rungu mkononi, viatu vya mjini vimejaa vumbi.

"Shikamoo, yeyo," alimwamkia mama kwa Kimaasai. "Naomba taa izimwe wiki hii ya vimondo. Zizi nitalinda mimi."

"Marahaba. Na mwakani?"

"Mwakani pia. Kila Oktoba, mkinipa binti yenu."

"Ndesa, hicho ni kifungo," Nanyori alisema. "Nitahesabu kila mwaka, na nyotamkia yenyewe hairudi mpaka 2061."

"Nifunge basi."

Mama alizima taa. Kisha akachukua shuka lake, akaketi kando ya mkwe, maana kwa rungu lile hakumwamini hata kidogo. Nanyori alijilaza akaanza kuhesabu, akijua kwamba pale zizini watu wawili hawalali kwa ajili yake.