Taa ya Kuamshia Wafu

Mazoezi ya alasiri yalikwisha, maiti wote wakainuka wakajikung'uta vumbi, na mmoja akabaki amelala.

Kuntala ndiye aliyemwona. Alikuwa amekaa pembeni ya jukwaa anajifunga nywele kwa hasira, maana siku hiyo walikuwa wamemkatia kipande chake. Akamwona mtu kalala kifudifudi karibu na ngazi, mkono mmoja chini ya tumbo. Akadhani ni mdogo wake Nilamani, ambaye kila mchezo hufa katika vita vya Kalinga, kwa sababu kuimba hajui na kuanguka anajua.

"Nila, amka bwana. Usinichezee leo, sina hali."

"Niamke mara ngapi, dada?" Nilamani akajibu nyuma yake. Alikuwa amesimama na glasi ya chai, mdomo umejaa bisi za mchele.

Kuntala akageuka tena. Pale karibu na ngazi hapakuwa na mtu. Palikuwa na mbao zilizolowa, umbo zima la mtu toka kichwani hadi miguuni, na harufu ya tope la mtoni lililokaa sana bila kuona jua. Aliuliza nani kamwaga maji. Hakuna aliyemwaga.

Sasa niseme walimkatia nini, kwa sababu ubaya wote ulianzia hapo, na mimi mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Opera yenyewe ni ile ya Ashoka, mfalme wa kale wa India aliyekuja na tembo wake kuichukua Kalinga, akaua watu mpaka mto Daya ukabadilika rangi, kisha akasimama kilimani Dhauli, akatazama alichofanya, akatupa upanga na kuwa mtu mwema. Kila kundi la opera hapa Odisha, ambayo ndiyo Kalinga ya zamani, linao mchezo huo. Wengine wanaongeza mapenzi, wengine wanaongeza nyoka. Lakini katika kundi la marehemu mzee Samal kulikuwa na jambo moja ambalo haligusiki. Vita vikiisha, kabla mfalme hajadondosha chozi hata moja, mwanamke alitoka peke yake na taa ya mafuta, bila ngoma. Alipita katikati ya wafu, akamwinamia kila mmoja, akamgusa paji la uso na kumwita kwa jina alilopewa na mama yake. Jina lake la kweli, si la mchezoni. Aliyeitwa aliinuka akaondoka. Jukwaa likishakuwa tupu, ndipo mfalme alipopanda kulia.

Kilikuwa kipande kirefu, sikatai. Watu wengine walilia, wengine walitoka kwenda kununua bajia. Mzee Samal hakukubali kipunguzwe. Alisema mtu akilazwa kama maiti haachwi hivihivi. Mama yake Kuntala ndiye aliyeibeba taa hiyo maisha yake yote, akamwachia Kuntala.

Mzee akafa, kundi likaangukia mikononi mwa mwanawe Bhramarbar, na huyo ndiye aliyecheza mfalme. Mzuri wa sura, sauti kama asali, na kichwa kimevimba hadi kilemba hakimkai. Kwenye mabango picha yake ilikuwa kubwa kuliko ya mungu mke wa kijiji.

"Watu wanakuja kuniona mimi nikilia," alimwambia Kuntala. "Hawaji kumwona mwanamke anazungukazunguka na kibatari. Vita vikiisha tunazima taa, maiti wanatambaa kutoka, taa zikiwaka mimi nipo magotini tayari. Basi."

"Na wafu nani anawaamsha?"

"Wataamka wenyewe, dada yangu. Ni wafanyakazi, si wafu."

Na uamuzi huo aliufanyia wapi? Angeufanyia mjini Cuttack huko, ningenyamaza. Aliufanyia chini ya Dhauli kwenyewe, shambani mpunga ulipokwisha kuvunwa, mto ukionekana toka jukwaani. Pale pale walipoangukia watu wa Kalinga. Na kuna jambo ambalo watu wa hapa wanalijua na hawalisemi kwa wageni: mfalme Ashoka mwenyewe aliyachonga majuto yake kwenye mawe ya nchi za mbali, kila mtu huko asome jinsi alivyoumia. Kwenye jiwe la Dhauli hakuyachonga. Aliowaua hakuwaambia.

Onyesho la kwanza lilijaa. Vita vikapigwa, wakaanguka, taa zikazimwa, taa zikawaka. Maiti wote walikuwa wametoka isipokuwa Nilamani, aliyekuwa bado amelala chali katikati ya jukwaa. Bhramarbar hakubabaika. Alimkumbatia akamlilia yeye, mkono juu ya kifua, na uwanja mzima ukalia naye. Baadaye alikiri mwenyewe, huku akicheka, kwamba kile kifua kilikuwa baridi kama samaki wa sokoni na hakikuwa kikipanda wala kushuka. Aliendelea kuimba. Wanawake wa mbele walikuwa wanalia vizuri mno, angewakatizaje.

Walimbeba Nilamani hadi kwenye hema la nyuma. Kuntala alimpiga makofi, akamsugua miguu, akamwita, na Nilamani akavuta pumzi, akakohoa mchanga wa mtoni.

"Dada, mbona hukuniita?" alinong'ona. "Nilikuwa nangoja uniite."

"Ulilala usingizi, mdogo wangu. Umechoka tu."

"Sikulala. Kule chini wamejaa, dada. Wanasogeleana kunipa nafasi."

Tuni, mkewe Nilamani, aliyekuwa na mimba kubwa, alikuwa amemshika mkono. Aliuachia, kisha akaona haya akaushika tena.

Kuntala alikwenda kwa Bhramarbar asubuhi iliyofuata. Alimkuta anajitazama kwenye kioo. Akamwambia rudisha taa, au angalau mtoe mdogo wangu kwenye vita.

"Nimtoe? Jana amenipa onyesho la maisha yangu. Leo analala tena palepale."

"Alikuwa hapumui."

"Basi ajitahidi leo pia asipumue. Na kama hataki, Kuntala, funga mizigo yako na yake na ya yule mke wake mwenye tumbo, mkatafute kundi lingine mwezi huu wa baridi. Tuone nani atawachukua."

Nilamani akalala tena, kwa ajili ya lile tumbo. Akakumbatiwa na kuliliwa tena, na safari hii hakuzinduka.

Mchana wa siku iliyofuata, baridi au si baridi, jua lilikuwa linachoma mpaka mabati ya uzio yanalia, na ndani ya hema Nilamani alikuwa amelala mkekani, maji yakimtiririka kwenye nywele. Tuni alimkausha, yakatiririka tena. Pumzi yake ilikuwa ndogo. Kila ilipotoka, hema lilinuka tope, na chini ya tope hilo kulikuwa na harufu nyingine ambayo kila aliyewahi kukaa na maiti anaijua. Wakamwita Sapani Behera, mganga wa kijiji cha jirani, mzee mfupi mwenye ufagio na kifuko cha haradali, shavu limejaa tambuu.

Sapani alirusha haradali kwenye pembe za hema. Alimpiga Nilamani kwa ufagio begani, polepole. Kisha akauliza swali ambalo waganga huuliza, maana pepo akitaja jina ndiyo kashikwa.

"Wewe nani? Jina lako nani?"

Halafu Nilamani, macho yamefumba, midomo haichezi, akaanza kulia ndani kwa ndani, na kilio hicho hakikuwa cha mtu mmoja, kilikuwa cha kina mama na wazee na vijana wamebanwa pamoja mahali padogo, kikapanda kutoka tumboni mwake na kutoka chini ya mkeka na kutoka chini ya ardhi yenyewe, hadi vikombe vikatetemeka kwenye sinia.

"Wewe ndiye wa kwanza kutuuliza," sauti zikasema. "Yule analia tu. Kila mwaka anakuja kutulilia. Anatulilia akimaliza anafuta uso, anakwenda kula, anaitwa mwema. Sisi bado tumelala kifudifudi. Yule mwanamke alikuwa akija na taa, tukiiona kwa mbali tunatuliza roho, tukisema labda leo atafika na huku. Mmeizima. Aliyetulaza na atuamshe."

Bhramarbar alikuwa amesimama mlangoni mwa hema. Alisikia kila neno. Akapiga makofi taratibu.

"Mdogo wako siku hizi anaigiza vizuri, Kuntala," akasema, akaondoka zake. Lakini Kuntala aliona anavyoharakisha.

Sapani akautua ufagio chini.

"Mama, huyu simtoi mimi," akasema kwa sauti ya chini. "Natoa pepo mmoja mmoja. Hapa ni shamba zima. Mrudisheni usiku palepale alipoachwa, na yule aliyemlaza amwamshe kwa mkono wake. Ikipita leo, watakaa naye."

"Na asipokubali?"

"Hata mimi nisingekubali," Sapani akasema. "Akishaanza kuamsha, nani atamwambia inatosha?"

Usiku, vita vilipoanza, Kuntala na Tuni walimburuta Nilamani chini ya vumbi na ngoma hadi katikati ya jukwaa. Waigizaji wengine Kuntala aliwaambia neno moja tu: msitambae. Wala hawakubisha, kila mmoja alikuwa na tope kwenye pumzi yake.

Taa zikazimwa. Zilipowaka, Bhramarbar alikuwa magotini, mikono juu, kilemba kinameta, na wafu wote wamelala wamemzunguka. Akaanza wimbo wake hivyo hivyo. Hakufika mbali. Kuntala alipanda ngazi na taa ya mafuta ya mama yake, bila ngoma, akasimama chini ya kipaza sauti kilichoning'inizwa.

"Nyamaza," akamwambia. Uwanja mzima ukasikia. "Umelia vya kutosha. Amsha."

"Shuka, mwanamke," Bhramarbar akanong'ona bila kutikisa midomo, tabasamu la mfalme bado usoni. "Shuka kabla sijakuvunja meno mbele za watu."

"Mdogo wangu anakufa miguuni pako na wewe unapanga sauti. Amsha, shetani wewe. Umewalaza mwenyewe."

Watu wakashangilia, walidhani ndio mchezo. Na hapo maji yakaanza kuchuruzika kati ya mbao, meusi, yakilowesha viatu vya dhahabu vya mfalme, na harufu ikapanda kali hivi kwamba wa safu za mbele wakaziba pua. Bhramarbar akatazama miguu yake. Tabasamu likamtoka. Akaipokea taa.

Akamwinamia wa kwanza, akamgusa, akamwita, yule akainuka akakimbia. Wa pili hakumjua jina. Mtu aliyekufa mbele yake kila usiku msimu mzima, na hamjui jina. Alimtazama Kuntala, na Kuntala akakataa kumsaidia.

"Jina lako nani?" ikabidi aulize.

Akaambiwa, akaita. Akaenda hivyo hadi kwa Nilamani. "Nilamani," akasema. "Nilamani, amka." Nilamani akageuka ubavu, akatapika mchanga, akalia kama mtu, kilio chake mwenyewe, na Tuni akamdaka. Kuntala aliwashika wote wawili akawavuta hadi ngazini. Alichotaka alikuwa amekipata.

Bhramarbar akapumua. Akageuka aiweke taa chini, na taa haikutoka mkononi. Karibu na ngazi, pale penye mbao zilizolowa siku ya mazoezi, mtu alikuwa bado amelala kifudifudi, mkono mmoja chini ya tumbo. Nyuma yake kulikuwa na mwanamke, na nyuma ya mwanamke wazee wawili wamekumbatiana, na njia yote ya kutokea jukwaani ilikuwa imejaa, na chini ya viti vya watu waliokuwa bado wanapiga makofi walikuwamo, na kupitia uwazi wa mabati, nje kwenye mabua ya mpunga, kila alipotupa macho mpaka kwenye ukingo wa Daya, migongo ilikuwa imelala, mingi, imelowa, inangoja, na wote waligeuza shingo kidogo kuitazama ile taa.

Akainama. "Jina lako nani?" akauliza, na lazima alijibiwa, maana aliita jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, akasogea kwa mwingine. Akashuka jukwaani, akapita kati ya viti. Makofi yakafa safu moja baada ya nyingine kadiri alivyopita. Kulipokucha walimwona mbali shambani na joho la mfalme, anainama, anainuka, anainama. Taa ilikuwa bado inawaka na mafuta yalishakwisha zamani.

Kundi lilivunjika. Nilamani ana mtoto sasa, anauza vyungu mjini Pipili, na usiku hulala amekaa. Bhramarbar hakurudi. Chini ya Dhauli, mpunga ukishavunwa, watu hufunga madirisha ya upande wa mto, maana husikia mtu anaulizauliza nje, sauti imechakaa, haina asali tena. Swali ni lile lile moja. Mwaka juzi alikuwa bado yuko kwenye mashamba ya juu, hajaufikia hata mto.

Wapo wanaomuuliza Kuntala kama hamwonei huruma.

"Nitamwonea," husema. "Akimaliza."