Aliyesimama Katikati ya Mabua

Binti alilalamika wakati wa chai ya asubuhi. "Mama, usiku ukija kunifunika, njoo mara moja tu. Ile mara ya pili mikono yako inakuwa ya baridi, halafu inanuka udongo."

"Nani aje mara mbili, wewe?" mama yake akasema. "Hiyo moja yenyewe najikokota."

Wakacheka wote, hata baba. Laiti wangejua, chai ile isingeshuka kooni.

Baba mwenyewe alikuwa mpiga picha wa mashamba. Harusi na mahafali aliwaachia wengine; yeye alirudi kwenye shamba lilelile msimu hadi msimu, likiwa limelimwa, likiwa kijani, likiwa na mabua matupu, alfajiri na jua likizama. Majirani walimwita Subiri, maana kutwa neno lake lilikuwa hilo. Subiri wingu lipite. Subiri jua lishuke kidogo. Mkewe alifuatana naye, na kila mara Subiri alimsimamisha mbali katikati ya shamba, amempa mgongo, ili mtazamaji aone ukubwa wa ardhi.

"Hivi ulioa mke au kigingi?" mke alimtania. Lakini alisimama.

Asubuhi hiyo Subiri akaketi kwenye kompyuta kuchagua picha za kalenda. Kwenye ile ya mavuno akakwama. Jua lilitoka kushoto, na kila bua lilikuwa limeng'aa upande wa kushoto. Mwanamke peke yake ndiye aliyeng'aa bega la kulia, na kivuli chake kilikuwa kimelala kuelekea kwenye jua.

"Hebu njoo uone," akamwita mkewe. "Siku hii ulisimamaje?"

Mke akainama mbele ya kompyuta. "Siku hii sikusimama," akanong'ona. "Kichwa kilikuwa kinaniuma, nikalala kwenye gari. Nilikuona unampungia mtu, nikadhani ni mwenye shamba."

Jamani! Subiri alikumbuka alivyomaliza kazi, akakunja miguu ya kamera, akapaza sauti bila hata kugeuka: "Basi mke wangu, twende nyumbani!" Alipofika garini akamkuta mkewe ameketi, na wala hakujiuliza amemtanguliaje. Mtu mzima na akili zake, anaita kitu asichokitazama usoni, na kitu chenyewe kikamfuata mpaka chumbani kwa mwanawe.

Mganga waliyemwendea alikuwa mama mfupi asiyependa maneno mengi. Aliwasikiliza, kisha akamgeukia Subiri kwa hasira.

"Umemkaribisha jini kwa cheo cha mkeo. Mrudie palepale, umkane kwa mdomo uleule. Atalia, atakusihi, usimsikilize. Na mkeo asitie mguu shambani. Atakayekanwa pale, ndiye atakayebaki pale."

"Na nisipoenda?"

"Nyumba moja haitawabeba wote wawili. Mmoja atamtoa mwenzake."

Jioni wakaenda. Mke akabaki garini, milango imefungwa, vioo juu.

"Usishuke kwa lolote," Subiri akamwambia.

"Fanya haraka, mume wangu. Naogopa."

Aliingia porini kidogo kutuliza pumzi, kisha akazunguka hadi ukingoni mwa shamba, pale alipozoea kuweka kamera, na kabla hajafika akamwona ameshasimama katikati ya mabua, amempa mgongo, jua likizama mbele yake kiasi kwamba alikuwa weusi mtupu, na Subiri akapiga kelele, "Wewe si mke wangu! Sikujui! Usirudi kwangu!" na yule akageuka, akaanza kukimbia kumfuata huku akijikwaa na kulia kwa sauti iliyofanana kabisa na ya mkewe, "Ni mimi! Mume wangu, ni mimi!" mpaka Subiri akaziba masikio, akatimua mbio kurudi garini.

Mkewe alikuwa kitini, akitazama mbele.

"Tayari?"

"Tayari," Subiri akasema, machozi yakimtoka kwa furaha. Akawasha gari, wakaondoka.

Walikuwa wameshafika barabara ya lami simu yake ilipoita. Kiooni pameandikwa *Mke wangu*. Kidole kilipokea kabla akili haijafika.

"Kwa nini umenikana?" Sauti ilikuwa imekauka kwa kilio. "Si wewe uliyegonga kioo ukaniambia nishuke nikasimame? Nakimbia, shamba haliishi. Kunakucha, kunakuchwa. Mahindi yanaota, yanakauka, yanaota tena..."

Mkono ukanyooka kutoka kiti cha pembeni, ukaikata simu taratibu.

"Kanyaga mafuta," akasema aliyeketi pale. "Mtoto yuko peke yake."