Kipimo cha Uongo Kidimbwini

Shule zilipofungwa, kazi ya Chiriku kila asubuhi ilikuwa moja. Alifagia baraza, akaosha vyombo, kisha akachukua kijiti cha kupimia na daftari, akaenda kidimbwini. Jina la Chiriku alipewa na shangazi yake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na aliishi na shangazi huyo katika kituo kidogo cha utafiti pembezoni mwa jangwa.

Shangazi alikuwa mtafiti wa kobe, mijusi na vyura. Watu wengi walicheka waliposikia habari za vyura wa jangwani.

"Chura bila maji? Huyo si chura, ni jiwe!" dereva wa kituo alizoea kutania.

Shangazi hakuchoka kueleza. Vyura wale hujifukia ardhini kwa miguu yao ya nyuma na kukaa humo miezi mingi wakingoja mvua. Ikinyesha, hutoka na kutaga mayai katika vidimbwi. Viluwiluwi wao hukua mbiombio, maana wanashindana na jua. Kidimbwi kikikauka kabla hawajaota miguu, hawaponi.

Mwaka ule mvua ilinyesha mara moja tu, baada ya miaka miwili ya ukame. Bonde zima lilibaki na kidimbwi kimoja, mwendo wa nusu saa kutoka kituoni.

"Mwanangu," shangazi alisema huku akifunga mizigo yake, "naenda na wenzangu kutafuta kobe ng'ambo ya bonde. Nitarudi siku ya tano. Kila asubuhi nenda ukapime kina. Maji yakishuka chini ya alama ya pili, mwambie dereva apeleke pipa la maji ya mvua. Usisubiri. Na uandike unachokiona, si unachokitamani."

"Nimesikia, shangazi. Mimi tena!"

Siku ya kwanza maji yalikuwa kwenye alama ya tano. Siku ya pili yalikuwa kwenye ya nne. Siku ya tatu upepo wa moto ulianza kuvuma tangu alfajiri. Chiriku alifungua mlango, mchanga ukampiga usoni, akaufunga tena. Akajiambia kwamba maji hayana miguu, hayawezi kuhama. Akaandika, "Alama ya nne." Siku ya nne hata mlangoni hakufika. Aliandika, "Alama ya tatu na nusu." Hiyo nusu aliiongeza ili ionekane kweli.

Siku ya tano upepo ulitulia, na moyo ukaanza kumsuta. Alikwenda mbio. Kabla hajafika ukingoni aliona ndege wamejazana, wakidonoa na kuruka.

Kidimbwi kilikuwa tope. Viluwiluwi kwa mamia walikuwa wamelala juu yake, wamekauka kama maganda. Wengine walikuwa wameshaota miguu ya nyuma, myembamba kama nyuzi. Chiriku alichuchumaa akalia.

Shangazi alirudi adhuhuri. Alipoambiwa na Chiriku kwamba kidimbwi kimekauka, alikaa mezani bila hata kuvua viatu vyenye vumbi, akafungua daftari. Alisoma mara mbili.

"Jana tatu na nusu, leo hakuna kitu," alisema polepole. "Jua peke yake haliwezi. Basi chini kuna ufa, maji yanavuja." Akavua miwani. "Wachimba mchanga wanaliomba eneo lile, na mimi ndiye ninayewazuia. Lakini kama kidimbwi kinavuja, hakifai tena kwa vyura. Sina budi kuiandikia ofisi ya vibali kwamba wanaweza kuchimba."

Akavuta karatasi, akashika kalamu.

Chiriku aliitazama kalamu. Angenyamaza tu, hakuna ambaye angejua. Kalamu iliandika mstari wa kwanza.

"Shangazi, usiandike."

"Kwa nini?"

"Hakuna ufa. Juzi na jana sikwenda. Niliandika tu."

Shangazi aliweka kalamu chini. Hakufoka. Chiriku alitamani afoke.

"Upepo ulianza lini?"

"Juzi."

"Basi ni jua na upepo wa siku mbili, si ufa." Shangazi alimsogezea daftari. "Kata mistari hiyo miwili kwa mkono wako. Andika: haikupimwa."

Chiriku aliandika huku machozi yakidondoka.

"Ulitazama chini ya lile jiwe kubwa la pale ukingoni?"

"Hapana."

"Basi mwite dereva. Pipa na ndoo, haraka!"

Chini ya jiwe, mahali jua lisipofika, palikuwa na shimo lenye maji ya kina cha kiganja. Humo viluwiluwi arobaini na watatu walikuwa wakitweta. Walimimina maji kidogo kidogo kando ya jiwe ili wasichafue shimo, kisha wakatandaza magunia juu ya vijiti yawe kivuli. Siku hiyo dereva hakutania.

Chiriku alikwenda pale asubuhi na jioni, siku kumi na moja mfululizo, upepo ukivuma au usivume. Saba zaidi walikufa. Siku ya kumi na moja, chura wa kwanza, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, alitoka majini na kuanza kujifukia kinyumenyume. Mchanga ukamfunika, pasionekane hata alama.

Chiriku na shangazi walikuwa wamechuchumaa pamoja.

"Uvivu wako uliwaua wengi wa mwaka huu," shangazi alisema kwa upole. "Hilo hatuwezi kulifuta. Lakini uongo wako ungekiua kidimbwi chenyewe, pamoja na vyura ambao hawajazaliwa. Chura hawezi kwenda ofisini kujitetea. Anayemsemea ni yule anayepima. Huyo akidanganya, mnyama huyu hana shahidi mwingine."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe, mwanangu. Kusema kweli mbele yangu siku ile hakukuwa kazi ndogo. Ukweli wako ulichelewa kwa wale mamia, lakini hawa umewawahi."