Antena ya Munsif Kinyozi

Naziha alirudi kutoka tanuri la mtaa na sinia la mikate kichwani, akamkuta mumewe anashuka ngazi ya paa, anacheka peke yake. Mume akamwambia mkewe leo amemwelekeza vizuri kuliko siku zote, picha ilikaribia kabisa. Munsif kinyozi hakuwa mwanamume wa kumsifu mke, ndiyo maana Naziha hakuelewa haraka. Tangu alasiri alikuwa kwenye foleni ya mikate. Mama mkwe wake, Bi Shadlia, alikuwa ameenda kuhani msibani. Ndani ya nyumba hamkuwa na mtu.

"Nani alikuwa anakujibu?" aliuliza.

"Acha mizaha, nina njaa."

Sebuleni televisheni ilikuwa inawaka, imejaa chenga, na palinuka nywele zilizoungua.

Mji mzima wa Kelibia mwaka ule ulikuwa na wazimu mmoja: kuwapata Wataliano. Wako ng'ambo ya maji, na televisheni yao ina mpira na wasichana waliosahau sketi nyumbani. Kinyozi wa upande wa pili wa soko aliwapata, na wateja wa Munsif wakahama na ndevu zao. Basi Munsif akaenda Tunis kuchagua antena. Muuzaji alimwonyesha fupi pana, inayopokea kila cha karibu na haioni mbali. Akamwonyesha na ndefu kama uti wa samaki, yenye vijiti vingi, inayoona mbali lakini kwa tundu la sindano: ukiikosea upana wa kidole, huna kitu. Akamshauri achukue ya kati. Lakini mwanamume ukishamwonyesha kilicho kirefu, hasikii tena ushauri. Munsif alirudi na uti wa samaki umefungwa juu ya basi.

Antena kama ile haisimikwi hivi hivi. Unaibeba mikononi, unazunguka nayo juu ya paa, macho juu, maana hapa ni chenga tupu na hatua mbili pale ni uso wa mtu. Mke yuko chini mbele ya televisheni, anajibu. Sasa? Bado. Sasa? Rudi ulikotoka. Jioni za kiangazi, hewa ya bahari inapokuwa nzito, mtaa mzima ulipiga kelele hizo. Paa la Munsif halikuwa na ukuta upande wa barabara, kwa sababu walikuwa wanangoja kujenga ghorofa, na walikuwa wanangoja tangu baba yake yu hai. Pembeni palikuwa na kitezo cha udongo cha bibi yake, cha kuwafukizia wenyewe wa nyumba, majini wanaokaa humo. Kilimzuia njia, akakipiga teke kikapasukia uani. Bi Shadlia alipolalamika, alimjibu kwamba wenyewe wakitaka moshi waje dukani kwake, atawapa wa sigara.

Wenyewe hawakwenda dukani. Walikuja chakulani. Watu watatu wamezunguka sinia la kuskusi, televisheni imezimwa, Naziha ana kipande cha samaki mdomoni, na sauti yake ikatoka sebuleni, tamu, bila haraka: "Munsif, picha imeharibika tena. Panda." Mkono wa Bi Shadlia ukakwama juu ya sinia.

Mwalimu Tijani wa chuo cha Kurani aliitwa, akasoma, akanusa kuta. Akawaambia wakirudishe kitezo, wachinje jogoo, na mtu asipande juu ya paa wakati wa magharibi. Munsif akaitikia yote. Lakini alikuwa amekwisha kuwatangazia wateja kwamba kesho yake usiku waje kutazama mpira nyumbani kwake, akaona afadhali jogoo angoje. Usiku, mlango umefungwa komeo, alimnong'oneza mkewe ujanja wake: kesho, kila atakapomjibu, aanze kwa jina lile analomwita kitandani. Asiposikia jina, atajua si yeye.

"Paka wangu?" Naziha akauliza, gizani, kwa aibu.

"Hilo. Nani mwingine analijua?"

Komeo huwazuia wezi.

Kesho yake magharibi Munsif akapanda na uti wa samaki mikononi. Naziha akakaa mbele ya televisheni, na Bi Shadlia, ambaye hakuwahi kukaa naye chumba kimoja kwa hiari, akaja akakaa ubavuni pake na tasbihi. Juu wakasikia: sasa? Naziha akafungua mdomo, akamtazama mama mkwe, akaufunga. Akasema kuna jina lazima aliseme, ni Munsif aliyetaka. Akalitaja kwa kunong'ona. Bi Shadlia akamshika kifundo cha mkono.

"Uliseme mbele yangu, mtaa unasikia? Huna haya?"

Na hapo, kutoka jikoni nyuma yao, sauti ya Naziha ikajibu kwa nguvu, "Paka wangu, bado, rudi nyuma," na majirani waliokuwa juu ya mapaa yao wakacheka, na Munsif naye akacheka akarudi nyuma, na chenga zikaanza kupungua, na Naziha akapiga kelele Munsif simama, Munsif shuka, lakini bila jina, kwa sababu kucha za mama mkwe zilikuwa zimezama kwenye ngozi yake, na yeye juu akajibu kwamba wewe nimekujua, nyamaza, na ile ya jikoni ikasema tena paka wangu, kidogo tu, nyuma kidogo, naona nywele zao, naona macho, na harufu ya kuungua ikajaa mpaka machozi yakawatoka wote wawili, na kwenye kioo uso wa Mtaliano ukasimama safi kama umeoshwa, mpaka Naziha akaung'oa mkono wake, akakimbilia uani, akaliita jina lile kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

Juu ya paa hakukuwa na mtu. Antena ilifika barabarani kabla yake.

Siku ya hitima kaka zake Munsif waliuliza mbele ya watu. Mtaa wote umemsikia Naziha akimwambia mumewe arudi nyuma, na Bi Shadlia alikuwa naye chumbani. Basi aseme yeye, ni mkaza mwanawe au siye. Naziha hakulia. Alimtazama tu mama mkwe, mkono umefungwa kitambaa. Bi Shadlia alijua kwamba akisema siye, watauliza kwa nini basi Naziha hakulisema jina, na kucha za nani zilimzuia. Akaweka kikombe cha chai chini.

"Ni yeye," akasema. "Sauti ya mke wa mwanangu siijui?"

Kaka zake Naziha walimchukua siku ile ile, na nguo alizovaa, na mji wake wa kuzaliwa haukumpokea vizuri zaidi. Bi Shadlia akabaki na nyumba. Jioni akawasha taa, akakaa, akavua viatu. Jikoni mtu akafungua bomba, akaosha sufuria, akaiweka juu ya moto.

"Nani huyo?" Bi Shadlia akauliza.

"Ulisema ni mimi, mama. Basi ni mimi," ikajibu sauti, tamu, bila haraka. "Nikupikie nini?"