Vidole Kwanza, Spana Baadaye

Kila siku baada ya shule, Solvej alikwenda moja kwa moja kwenye gereji ya babu yake, Mzee Holger, katika mji wa Faaborg. Alitupa mkoba pembeni, akala mkate mweusi uliopakwa maini, kisha akavaa ovaroli iliyompwaya. Kwake yeye, siku ilianza hapo.

Hapo yeye na Babu walikuwa wakifufua pikipiki ya mwaka 1951, yenye kigari cha pembeni. Babu aliikuta katika zizi kuukuu, kuku wakitagia juu ya kiti. Kwa miaka miwili walisugua kutu, wakapaka rangi, wakatafuta vipuri. Lakini tangu majira ya baridi mikono ya Babu ilikuwa ikitetemeka, hivyo kazi ndogondogo zikawa za Solvej.

"Macho yangu, mikono yako," Babu alipenda kusema. "Na sheria ni ileile: vidole kwanza, spana baadaye."

Alhamisi moja Babu aliingia nyumbani kupokea simu. Ilikuwa imebaki kufungwa plagi moja tu ya kuwashia injini, na Solvej alitaka akirudi akute kazi imekwisha. Plagi ilikataa kuingia kwa vidole. Akachukua spana, akakaza kwa nguvu. Iligoma, kisha ikalegea ghafla. Alipoitoa ilitoka na chembe za chuma zinazong'aa. Meno ya ndani ya tundu la plagi yalikuwa yameliwa! Solvej akazifuta zile chembe kwa leso, akaitia mfukoni, na plagi akairudisha mezani.

Babu alirudi akitabasamu. "Hii ya mwisho niachie mimi."

Plagi ilizunguka tu bila kushika. Alijaribu tena na tena, vidole vikitetemeka, mpaka tabasamu likamwisha.

"Nimeiharibu," alisema. "Mikono hii imeniharibia kazi ya miaka miwili."

Solvej aliisukuma leso ndani zaidi ya mfuko, akachukua ufagio.

Kesho yake aliapa kwamba angesema wakati wa chakula, lakini Babu hakuja kula. Siku ya nne alifika hadi mlangoni pa gereji, akamwona amekaa akiitazama mikono yake, akarudi nyuma. Kila siku iliyopita ilizidi kumfunga ulimi. Siku ya sita Babu akampigia simu mnunuzi wa pikipiki kuukuu.

"Baba, tundu moja tu hilo!" Mama yake Solvej, Rikke, alimsihi. "Mimi ndiye nitakayeendesha, wewe utakaa kigarini."

"Leo tundu, kesho breki. Sitaki kukuua, mwanangu. Basi, yamekwisha."

Solvej alikuwepo, akayasikia yote, akainamia sahani yake.

Siku tisa baada ya Alhamisi ile ilikuwa Jumamosi. Babu alipandisha bendera ya nyumbani nusu mlingoti, kama wafanyavyo watu waliofiwa. Jirani yao Preben, fundi wa vyuma, alikuja mbio na ndara miguuni.

"Holger! Nani kafa?"

"Fundi," alijibu Babu. "Huyu unayemwona ni mnywa kahawa tu."

Preben alitaka kucheka, akashindwa. Wakati huohuo lori la mnunuzi lilisimama mlangoni. Watu wawili wakaanza kuisukuma pikipiki, na Babu akageuza uso asiione. Hapo Solvej hakuvumilia tena.

"Si wewe, Babu! Ni mimi!" Akaikunjua leso mbele yake huku akilia. "Nilitumia spana kwanza. Mikono yako haina kosa."

Babu aliichukua leso, akazigusa chembe zile kwa kidole.

"Siku tisa," alisema kwa sauti ya chini. "Siku tisa umeniacha niichukie mikono yangu."

Babu alimwomba radhi mnunuzi, akamuaga, kisha akamwelekea Preben.

"Tundu hili linatengenezeka?"

"Mbona kazi ndogo! Nalipanua, natia kipande chenye meno mapya. Saa moja tu."

Kweli, ikawa saa moja. Plagi aliitia Solvej, kwa vidole, polepole, mpaka ikakaa. Kisha Babu akamtuma akapandishe bendera hadi juu kabisa.

Injini iliwaka kwa mvumo kama wa nyuki mkubwa. Rikke alishika usukani, Solvej akamkumbatia kwa nyuma, Babu akaketi kigarini. Walipita mashamba yenye maua ya manjano, upepo ukiwapiga usoni. Babu aliinua mikono yake miwili hewani, ikitetemeka vilevile, akapiga kelele za furaha kama mtoto. Solvej alicheka na kulia kwa pamoja.

Waliposimama kando ya bahari, Babu alimshika bega.

"Kuharibu si ajabu, mjukuu wangu. Kila fundi ameharibu. Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Tundu tumelipatia kipuri, umeona. Lakini zile siku tisa zangu, kipuri chake hakiuzwi popote."

"Nimesikia, Babu," alisema Solvej, akaushika mkono wake, nao ukaendelea kutetemeka ndani ya wake.