Kadi Isiyopata Moto

Kadi ya michoro ikishasukuma mchezo mzito kwenye kompyuta, haina budi kupata moto kama sufuria jikoni. Hii ilikuwa baridi.

"Nyuzi thelathini na moja!" mpimaji alimpigia kelele mkewe, aliyekuwa akikunja nguo chumba cha pili, mlango wazi. "Picha zinateleza kama mafuta, na kadi haijapata hata joto la chai iliyosahauliwa."

"Labda inakuogopa," mkewe akamtania. "Kila kinachoingia humo unakitesa."

Hakukosea. Kazi ya mumewe ilikuwa kupima vifaa vya kompyuta na kuwaandikia watu kipi kinafaa kununuliwa. Alikuwa na desturi yake: raundi tatu, saa nzima kila moja, bila kuzima. Raundi ikikatwa, vipimo vyote vinatupwa. Wasomaji walimwamini kwa ajili hiyo, naye aliipenda desturi yake kupita kiasi.

Raundi ya pili aliongeza mzigo. Kadi ikashuka hadi nyuzi ishirini na nne, naye akapiga makofi peke yake. Alijua fika kwamba joto halipotei hivi hivi, lazima lihamie mahali. Lakini furaha ilimziba macho.

"Mume wangu," mkewe akaita, "mbona nasikia joto?"

Mama mkwe, aliyekuja kuwatembelea wiki ile, alimgusa binti yake kwenye paji la uso, akautoa mkono upesi na kumlaza kitandani.

"Mwanangu anaungua! Baba, hebu zima hilo dude."

"Imebaki raundi moja tu, mama. Nikimaliza nampeleka hospitali."

Sikio la kufa halisikii dawa. Akaianzisha ya tatu, na hapo ikaja harufu ya nywele zinazoungua, na feni za kadi, ambazo siku zote huvuma mfululizo, zikawa zinavuma na kunyamaza, zinavuma na kunyamaza, na kutoka chumba cha pili pumzi za mkewe zikaja kwa mwendo ule ule, na alipokimbilia huko akamkuta ameketi wima, macho makavu, shuka limebabuka pale alipolalia, na mama yake akimwomba Mungu kwa midomo isiyotoa sauti, ndipo mpimaji alipoogopa kwa moyo wake wote, akarudi mbio akachomoa waya ukutani.

Skrini ikazimika. Feni zikaendelea kuvuma.

Akaing'oa kadi, akaikanyaga mpaka ikawa vipande. Kukawa kimya. Akarudi kwa mkewe, akangoja atulie.

"Ni jini," mama mkwe akanong'ona. "Mtazame macho."

"Mtoke mke wangu!" mpimaji akalia. "Nimezima! Nimeivunja!"

Mkewe akamgeukia. Sauti iliyomtoka haikuwa yake, ilikuwa kavu na ya upole.

"Umevunja mlango, na mimi nimo ndani. Ungezima raundi ya pili ningerudi nilikotoka. Nilikuwa nimeingia nusu."

Mpimaji akapiga magoti, akaomba, akaapa, akajitoa yeye mwenyewe badala yake.

Mama mkwe hakumtazama tena. Alichota maji kwenye ndoo, akammiminia binti yake kichwani, na maji yakawa mvuke kabla hayajafika shingoni.